Mtoto Anayefunga Mdomo Mbele ya Lengalenga

Malori yanayoteremka kutoka Butembo kupitia Beni hufika Kasindi yamesheheni mboga za milimani: mashu makubwa ya Lubero, karoti, vitunguu, puwaro zilizofungwa mafungu mafungu, viazi vya Masereka na Kipese. Kasindi yenyewe iko bondeni, kando ya mto Lubiriha unaotutenganisha na Uganda, na joto lake linastawisha mboga za aina nyingine. Huku lengalenga huota haraka, matembele hutambaa nyuma ya nyumba, nyanya huiva mapema, na mihogo hutoa majani ya sombe mwaka mzima. Samaki hutoka Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward. Mawese hutoka Mutwanga na mashamba ya kuzunguka Beni. Hata siku ambazo barabara ni mbaya na bei zimepanda, mama anayezunguka soko la Lubiriha na kikapu hakosi fungu la majani la kubeba nyumbani.

Kazi huanza jioni, sufuria inapotuliwa chini. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu, au miwili, au mitatu. Alipokuwa na miezi minane alimeza kila alichopewa, na mama akajisifu kwa majirani kwamba huyu hachagui. Leo anageuza uso. Anafunga mdomo. Ukifaulu kumtia tonge, analitoa kwa ulimi likamwagikia kifuani, kisha anachambua bugali kwa vidole vyake vidogo na kuondoa kila jani la kijani aliloliona. Jirani anasema mtoto amedekezwa. Mama mkwe anasema maziwa yaliachishwa vibaya. Mwingine anashauri fimbo. Na yupo yule mwenye huruma anayetuma mtu dukani alete biskwi, ili mtoto asilale na njaa.

Naandika makala haya kwa ajili ya mama huyo, na kwa ajili ya baba anayekaa naye kwenye mkeka huohuo. Mtoto wao hana ujeuri wala laana, na mara nyingi hana hata ugonjwa. Yuko kwenye umri wake. Mboga inayomfaa imo kwenye sufuria yao tayari. Kilichobaki ni subira ya wakubwa, pamoja na uamuzi mgumu kidogo kuhusu biskwi.

Tuanze na mwili wa mtoto, kwa kuwa hofu nyingi ya wazazi hutokana na kutoujua. Katika mwaka wa kwanza mtoto mwenye afya hufikisha karibu mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Aliyezaliwa na kilo 3 hukaribia 9 akitimiza mwaka. Mwaka wa pili mambo hubadilika: anaongeza kilo 2 hivi, au 2 na nusu, kwa miezi yote kumi na miwili. Mwili uliokuwa ukikimbia sasa unatembea, na hamu ya chakula hupungua sambamba nao. Mama anayekumbuka jinsi mwanawe alivyokuwa akila mwaka jana huona kana kwamba kuna kitu kimeharibika, kumbe ni hesabu ya maumbile tu.

Jambo la pili ni woga wa chakula kigeni. Huanza kuonekana mtoto anapokaribia miaka miwili na huweza kuendelea hadi miaka sita. Wataalamu wengi huuona kama ulinzi wa asili. Mtoto mchanga hubebwa mgongoni na hula anacholishwa, lakini akishaanza kutembea anaweza kuokota jani lolote njiani na kulitia mdomoni. Mwili wake unamwonya ajihadhari na asichokijua, hasa kikiwa kichungu. Na ulimi wa mtoto husikia uchungu kwa ukali kuliko wa mtu mzima. Lengalenga unayoiona wewe ni tamu, yeye anaisikia chungu kweli. Hasingizii. Utamu, kwa upande mwingine, anaupenda tangu kuzaliwa, kwa sababu maziwa ya mama ni matamu. Kwa hiyo ukiweka biskwi na lengalenga mbele ya mtoto wa miaka miwili na kumwachia achague, umeshajibu mwenyewe kabla yake.

Je, woga huo huondoka vipi? Mwaka 1982, mtafiti Mmarekani Leann Birch na mwenzake walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa miaka miwili waliopewa kuonja vyakula wasivyovijua, vingine mara chache, vingine mara nyingi hadi ishirini. Kadiri chakula kilivyoonjwa mara nyingi, ndivyo watoto walivyokipenda. Miaka mitano baadaye yeye na wenzake walionyesha jambo la kuongezea: kukitazama tu hakutoshi, lazima kiguse ulimi. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuja na jibu linalofanana, kwamba mtoto huhitaji kuonja mboga mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kuikubali.

Sasa linganisha na tunavyofanya nyumbani. Mama anapika lengalenga Jumatatu, mtoto anakataa. Anapika tena Alhamisi, mtoto anatema. Wiki inayofuata anajaribu mara ya tatu, mtoto analia, na nyumba nzima inapitisha hukumu: huyu hapendi lengalenga. Tangu hapo anachotewa supu ya maharagi peke yake au anapewa bugali na kipande cha samaki, na hukumu hiyo inamfuata mpaka anaingia shule. Tulisimama kwenye mara ya tatu, na kazi ilihitaji kumi.

Kuonja ninakokusema ni kudogo sana. Jani moja lililokatwa, ncha ya kijiko, tonge lisilozidi punje ya harage. Mtoto akiligusa kwa ulimi na kulitoa, hesabu imeongezeka kwa moja. Usimkemee kwa kulitoa. Mwambie tu, "Haya baba, umeonja," au "Umeonja, mama," kama tunavyowaita wadogo wetu kwa upendo huku Kivu, kisha endelea na chakula chako. Kesho kutwa lirudi tena sahanini mwake.

Kasindi ina ugumu wake wa pekee, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Huu ni mji wa mpaka. Malori ya mizigo yanayotoka Mombasa na Kampala hupitia hapa, na maisha ya familia nyingi hufuata saa za kizuizi. Mama anayefanya biashara ndogondogo huamka kabla ya jua, anavuka kwenda Mpondwe na rundo lake, anarudi mchana au jioni. Mtoto wa miaka miwili anabaki na dada yake wa miaka minane au tisa. Dada naye ni mtoto. Mdogo akilia, dawa yake ni noti ya franka mia tano aliyoachiwa: biskwi, bombo, mandazi, kile kijuisi cha rangi kwenye mfuko wa plastiki. Bidhaa hizi zinatoka ng'ambo kwa wingi, ni rahisi, haziozi, na zimefungwa kwa karatasi zinazong'aa. Asubuhi mtoto alikunywa chai yenye sukari nyingi na mkate. Saa nne, biskwi. Saa saba, mandazi. Jioni mama anarudi amechoka, anapika chakula kizuri chenye majani, na mbele yake anakaa mtoto ambaye tumbo lake dogo lilijaa tangu mchana. Wote tunasema hapendi mboga. Ukweli ni kwamba hana njaa.

Kuna uchunguzi wa zamani unaolisema jambo hili vizuri. Daktari Clara Davis, huko Marekani, alianza katika miaka ya 1920 kufuatilia watoto 15 waliokuwa wametoka tu kuachishwa maziwa. Aliwawekea vyakula 34 vya kawaida, vikiwemo mboga, matunda, nafaka, nyama na maziwa, na akawakataza walezi kuwashawishi kwa neno au kwa jicho. Watoto walijichagulia wenyewe. Siku moja mtoto alikula hiki kwa wingi na kuacha kile, wiki nyingine akageuza, lakini mwishoni wote walikua na afya njema. Wengi walidhani Davis amethibitisha kwamba mtoto anajua mwenyewe kinachomfaa. Yeye aliwasahihisha mwaka 1939: siri ilikuwa katika orodha. Katika vyakula vile 34 hakukuwa na sukari wala unga uliokobolewa. Mtoto alichagua kwa uhuru, lakini mtu mzima ndiye aliyeamua nini kiwekwe mezani.

Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaoupendekeza kwa nyumba za Kasindi, Beni na Butembo. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi, na wapi. Mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Mtaalamu wa lishe Mmarekani Ellyn Satter amelisisitiza hili kwa miaka mingi, na wauguzi wengi duniani hulifuata. Mzazi akiingia kwenye kazi ya mtoto, vita huanza. Mtoto akiachiwa kazi ya mzazi, biskwi hutawala. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23, linasema wazi kwamba vyakula vyenye sukari au chumvi nyingi na vinywaji vilivyotiwa sukari havifai kwa umri huo, na kwamba mboga na matunda viliwe kila siku.

Silaumu mama wa mpakani. Biashara yake ndiyo inayolipa nyumba na shule. Na ana sababu nyingine ya kumpa mtoto chochote atakachokubali, sababu ambayo mgeni anayehubiri lishe kutoka mbali haioni. Tangu Oktoba 2014 watu wa wilaya ya Beni wameuawa na waasi wa ADF, wengi wao wakiwa shambani. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mauaji hayakuisha. Kuna mama Kasindi leo ambaye alikuwa na shamba la mihogo, migomba na maharagi, akalikimbia, na sasa ananunua kwa fungu kile alichokuwa akikivuna bila kuhesabu. Mtu aliyewahi kulaza watoto njaa porini hawezi kumtazama mwanawe akisukuma sahani na kubaki mtulivu. Anampa biskwi kwa upendo na kwa kumbukumbu ya hofu. Ushauri wowote usioanza na kuelewa hivyo hautaingia ndani ya nyumba yake.

Namwomba abadilishe jambo moja tu: anachomwachia dada mkubwa. Badala ya noti, aache chakula. Kiazi kitamu kilichochemshwa, ndizi mbivu, parachichi, kipande cha boga, maharagi ya jana yaliyopashwa moto. Parachichi katika milima yetu ni rahisi kuliko pakiti ya biskwi, na mtoto wa miaka miwili hulila kwa kijiko bila kubembelezwa. Na aweke saa, kwa kuwa mtoto wa umri huu hufaa kula milo mitatu au minne na kitu kidogo katikati, si kutafuna kutwa nzima. Akifika jioni na njaa ya kweli, nusu ya ugomvi imekwisha kabla sufuria haijafunuliwa.

Na sufuria yenyewe? Tuna mapishi mazuri, ila tunayaharibu kwa mazoea mawili. La kwanza ni kuchemsha lengalenga mpaka ipoteze rangi na kisha kumwaga maji yake, ambamo sehemu ya vitamini imekwenda. Ioshwe, ikatwe, ipikwe kwa maji machache na kwa dakika chache. La pili ni kuchoma mawese mpaka yawe meupe. Mawese mekundu ni miongoni mwa vyakula vya asili vyenye karotini nyingi kuliko vyote, ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali unaiua. Mafuta pia ndiyo yanayousaidia mwili kuchukua vitamini iliyomo kwenye majani. Kijiko kimoja cha mawese yasiyoungua juu ya lengalenga humpa mtoto faida mara mbili, na hupunguza ule uchungu anaoukimbia. Ongeza nyanya, kitunguu, na unga wa dagaa uliotwangwa laini, au karanga iliyosagwa ikayeyushwa kwenye mchuzi. Karanga nzima mtoto mdogo asipewe, wala karoti mbichi ngumu, maana humkaba.

Sombe inahitaji uangalifu wake. Majani ya mihogo yana sumu ya asili, ile inayotoa sianidi, na bibi zetu waliijua dawa yake bila maabara: kutwanga sana na kuchemsha kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi. Asiwepo mtu wa kufupisha kazi hiyo kwa sababu makaa ni ghali. Ikishaiva vizuri, sombe ina protini kuliko mboga nyingi za majani, ni laini, inashikamana na bugali, na ndiyo maana watoto wengi huikubali mapema kuliko lengalenga. Nami ningeanzia hapo kwa mtoto mgumu. Bugali laini, sombe yenye mawese na dagaa, tonge dogo.

Chai nayo isiandamane na chakula. Madini ya chuma yaliyo kwenye majani hupokelewa na mwili kwa shida, na chai huzidisha shida hiyo, ilhali nyanya, chungwa, pera au ndimu huipunguza. Tunda kidogo baada ya lengalenga lina kazi kubwa kuliko kikombe cha chai.

Wengine hushauri kuficha mboga: kuiponda kabisa ndani ya uji au maharagi ili mtoto asiione. Sioni ubaya kwa mtoto aliyetoka kuugua na anayehitaji nguvu upesi. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, unapokea majani yaliyopondwa bila taabu. Lakini mboga iliyofichwa haimfundishi mtoto kitu. Hajaiona, hajaijua ladha yake, na siku atakapoigundua atashuku hata uji. Iliyo wazi sahanini, ikirudi kila mara bila kelele, ndiyo inayozoeleka.

Kuhusu sahani, tuna desturi nzuri yenye kasoro moja. Kula pamoja kwenye sinia moja humpa mdogo walimu wengi: anatazama kaka na dada wakichovya tonge kwenye majani, na mtoto wa miaka miwili huiga kuliko anavyotii. Kasoro ni mbio. Wakubwa wana mikono mikubwa, na mdogo anayekula polepole huishia na mabaki. Wala mama hawezi kujua amekula kiasi gani. Awekewe kisahani chake, palepale katikati ya wenzake, chenye vitu vilevile vinavyoliwa na wote. Asipikiwe chakula cha peke yake.

Hapo namgeukia baba. Katika nyumba zetu nyingi lengalenga ni chakula cha siku ambayo pesa hazikupatikana, na nyama ni heshima. Baba akiketi, akatazama sufuria na kuuliza, "Leo tena majani?", mtoto amesikia. Akivuta kipande cha nyama upande wake na kusukuma mboga kwa watoto, mtoto ameona. Hakuna mpishi anayeweza kufuta somo hilo. Kinyume chake nacho ni kweli: baba anayechukua tonge la lengalenga kwanza, akalila kwa raha mbele ya mwanawe, amefanya kazi ambayo mama angeifanya kwa mwezi mzima. Namwomba kila baba wa Kasindi anayesoma hapa aifanye wiki hii.

Fimbo, kushika pua, kumlaza mtoto na kumtilia chakula kooni, yote hayo yaachwe. Ni hatari, maana chakula huweza kuingia njia ya hewa. Na hata kisipoingia, mtoto anajifunza kuogopa sahani. Zawadi nayo ina mtego: ukisema "maliza lengalenga nikupe bombo", umemwambia kwa kinywa chako kwamba lengalenga ni adhabu na bombo ndiyo chakula.

Kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha kuna nafasi ya kuanza mapema zaidi. Mwaka 2001, Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba, au katika miezi ya mwanzo ya kunyonyesha, waliupokea uji wenye ladha ya karoti vizuri kuliko wengine. Ladha ya anachokula mama humfikia mtoto tumboni na kupitia maziwa. Mama anayekula sombe na lengalenga anampikia mwanawe kabla hajazaliwa. Maziwa peke yake yanatosha hadi miezi sita, kisha vyakula vingine vinaanza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kipindi cha miezi sita hadi kumi na minane ni dirisha la dhahabu: woga haujaingia, mtoto anapokea karibu kila kitu. Mjulishe majani yote ya soko letu wakati huo, moja baada ya jingine.

Ladha tamu za asili zinaweza kuwa mlango. Boga, karoti iliyochemshwa, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa hupendwa upesi, na vina vitamini A kwa wingi. Ng'ambo ya Lubiriha tuna jirani wa kujivunia katika jambo hili: Robert Mwanga, mtafiti wa Uganda, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, kwa kuzalisha na kueneza viazi hivyo. Mbegu za viazi hivyo, yaani vipande vya mashina, hupandwa kwa urahisi katika udongo wa bondeni. Ila mtoto asiishie kwenye mboga tamu tu, kwa kuwa boga halimzoeshi uchungu wa jani.

Wanaokaa kwenye viwanja vidogo, na hapa Kasindi ni wengi kwa sababu mji umebanwa kati ya mpaka na Hifadhi ya Virunga, wanaweza kutumia magunia. Gunia lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa pembeni, hubeba lengalenga ya kutosha kwa watoto wawili, na majani ya kwanza huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mpe mtoto kazi ya kumwagilia kwa kopo. Mtoto aliyechuma jani kwa mkono wake huwa na hamu ya kulionja.

Usafi usisahaulike. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kila mlango wa Beni na Butembo ulikuwa na ndoo ya maji yenye bomba. Nyingi zimeondolewa. Zirudi, kwa mikono na kwa majani ya mboga, maana kuhara na minyoo huiba hamu ya chakula kuliko uchungu wowote wa lengalenga.

Hilo linanipeleka kwenye jambo lisilovumiliwa. Kuchagua chakula ni kitu kimoja, utapiamlo ni kingine, na nchi yetu inaujua wa pili vizuri mno: uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto anayechagua lakini anacheza, anakimbia, anaongezeka kilo, huyo ni wa kusubiriwa. Mtoto aliyekuwa akila kisha ghafla amekataa kila kitu, mwenye homa, na bondeni huku homa mara nyingi ni malaria, huyo ni wa kupelekwa kituoni siku hiyohiyo. Aliyevimba miguu, ukibonyeza kwa kidole gumba panabaki shimo, nywele zimepauka na kuwa nyekundu, amenyamaza na hataki kucheza, huyo ana bwaki, na sombe ya nyumbani haitamponya peke yake. Utepe wa mkono ukisoma chini ya milimita 115, rangi nyekundu, anahitaji tiba ya lishe mara moja. Kati ya 115 na 125, rangi ya njano, anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Vituo vya afya na wajumbe wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wana utepe huo, na kuupima ni jambo la dakika moja.

Kampeni ya vitamini A ikitangazwa, mtoto asiachwe nyumbani. Kidonge cha bluu ni cha miezi 6 hadi 11, chekundu ni cha mwaka mmoja hadi karibu mitano, mara moja kila miezi sita.

Na siku ya kilo ikifika mwezi huu, mama mwenye mtoto anayefunga mdomo amchukue akapimwe, na kadi aitazame mwenyewe. Mstari ukiwa unapanda, arudi nyumbani, apike lengalenga yake na kuendelea kumwonjesha bila ugomvi. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, au ukishuka, asimwulize jirani wala asingoje mwezi wa tatu. Amwone muuguzi papo hapo.